Jinsi ya Kuandika Insha ya Uhakiki wa Fasihi katika Mtihani wa Kiingereza

Mtahiniwa anaweza kuisoma riwaya nzima, akaielewa, akawakumbuka wahusika wake wote kwa majina na matendo, kisha akaandika kurasa nne na kuambulia alama chache, kwa kuwa alichokiandika ni hadithi ileile iliyosimuliwa upya kwa maneno yake mwenyewe. Msahihishaji ameshaisoma hadithi hiyo. Anachokitafuta ni maelezo ya namna mwandishi alivyoijenga kazi yake, na sababu ya ujenzi huo kuleta maana hii badala ya ile. Mwongozo huu unazifuata hatua za kuandika insha ya namna hiyo, tangu wiki za maandalizi hadi dakika za mwisho katika chumba cha mtihani, na utakaa kwa muda mrefu zaidi pale ambapo alama nyingi hupatikana au kupotea, yaani katika hoja kuu na katika maelezo yanayofuata kila nukuu.

Ujue kwanza mtihani wako unapima nini

Mitihani ya fasihi ya Kiingereza hutofautiana kwa sura, na tofauti hizo zinabadilisha namna ya kujiandaa. Ipo inayompa mtahiniwa shairi au kifungu cha nathari, yaani maandishi yasiyo ya kishairi, asichowahi kukiona. Ipo inayouliza kuhusu vitabu vilivyoteuliwa na kusomwa kwa mwaka mzima au zaidi. Na mingine huchanganya yote mawili. Katika mtihani wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) wa fasihi ya Kiingereza nchini Marekani, kwa mfano, sehemu ya insha ina maswali 3 yanayojibiwa kwa dakika 120: moja la shairi, moja la kifungu cha nathari, na moja ambalo mtahiniwa huchagua mwenyewe kazi ya kuijadili. Kila insha husahihishwa kwa alama 6, ambapo alama 1 ni ya hoja kuu, alama 4 ni za ushahidi na maelezo yake, na alama 1 ni ya kina cha fikra. Mgawanyo huo unastahili kutazamwa kwa makini hata na mtu ambaye hatafanya mtihani huo kamwe, kwa sababu unaonyesha waziwazi mahali ambapo kazi kubwa ipo. Theluthi mbili za alama zinategemea namna mtahiniwa anavyouleta ushahidi na kuueleza.

Mtihani wa GCSE, yaani cheti cha sekondari, wa fasihi ya Kiingereza nchini Uingereza una mpangilio mwingine lakini mwelekeo wake haupo mbali. Malengo yake ya upimaji ni manne: kuielewa kazi na kuijadili kwa kutumia ushahidi kutoka ndani yake, kuchambua lugha, umbo na muundo, kuonyesha uhusiano kati ya kazi na mazingira iliyoandikwa, na kuandika kwa msamiati, sarufi na tahajia nzuri. Lengo hili la mwisho lina uzito wa takriban asilimia 5 tu. Nalitaja kwa sababu watahiniwa wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza huiogopa sarufi kuliko kitu kingine chochote, wakatumia nguvu zao zote kutafuta sentensi isiyo na kosa, ilhali fikra iliyoelezwa kwa sentensi rahisi inalipa zaidi kuliko sentensi ya fahari isiyobeba fikra.

Tafuta mwongozo wa usahihishaji wa mtihani wako pamoja na insha za mfano zilizopewa alama, kwani bodi nyingi za mitihani huzichapisha. Soma insha iliyopata alama za kati na iliyopata alama za juu kwa swali lilelile, kisha ujiulize ya pili ilifanya nini ambacho ya kwanza haikufanya. Zoezi hilo moja lina manufaa kuliko kusoma kurasa nyingi za ushauri wa jumla.

Maandalizi ya vitabu vilivyoteuliwa

Ikiwa hutaruhusiwa kuingia na kitabu, utahitaji nukuu kichwani. Kariri nukuu fupi, za maneno matatu hadi manane, kwa kuwa nukuu ndefu ni ngumu kukumbuka na ni ngumu zaidi kuichambua yote. Zipange kwa mawazo, kwa mfano mamlaka, hatia, au mgongano wa vizazi, badala ya kuzipanga kwa sura au kwa wahusika, kwa kuwa swali karibu kila mara huja kwa wazo. Chagua zaidi nukuu ambazo zinaweza kujibu maswali mawili au matatu tofauti. Pembeni ya kila moja andika neno linalobeba uzito, nani anayesema, na kinachotokea kabla na baada yake.

Kuhusu mazoezi, ushauri wangu ni kuandika mipango mingi ya insha kuliko insha nzima. Mpango mmoja huchukua dakika kumi, nao ndio hasa unaofunza kazi ngumu ya kugeuza swali kuwa hoja. Insha nzima chache zilizoandikwa kwa kubanwa na saa zinatosha kuuzoeza mkono na kuufahamu muda.

Lisome swali kabla ya kifungu

Swali la uhakiki huwa na sehemu tatu, hata zinapokuwa zimebanwa katika sentensi moja. Kuna kitenzi cha amri kinachosema ufanye nini: kuchambua, kujadili, kulinganisha, au kutathmini ni kwa kiasi gani kauli fulani ni ya kweli. Kuna mada, ambayo ndiyo wazo la kufuatilia. Na kuna mipaka, kama vile kifungu hiki tu, au kifungu hiki pamoja na kitabu kizima. Pigia mstari kila sehemu. Swali linapouliza kwa kiasi gani, jibu la kukubali moja kwa moja bila kuonyesha upande wa pili linakuwa nusu ya jibu. Linapouliza mwandishi anaonyesha vipi, uchambuzi wa mbinu ni wa lazima. Na linapotaja uhusiano wenye utata au hisia zinazopingana, mtahini anakuambia mapema kwamba jibu la upande mmoja halitatosha.

Soma kifungu kwa kalamu

Ili hatua zinazofuata zisibaki hewani, hiki hapa ni kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya mwongozo huu. Katika mtihani kifungu kitakuwa kwa Kiingereza, lakini kazi ya akili ni ileile.

"Niliposhuka na sanduku langu, baba alikuwa akipigilia misumari kwenye mlango wa nyuma. Hakugeuka. 'Bawaba hii,' alisema, 'imechoka kufunguliwa.' Akapiga msumari wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, ingawa mlango ulikuwa umeshatulia tangu ule wa kwanza. Nilingoja. Hatimaye nikapita sebuleni, nikatoka, na hata nilipokuwa nimeshaurudisha mlango wa mbele, nyundo ilikuwa bado inasikika."

Tuseme swali ni hili: chambua namna mwandishi anavyotumia mbinu za kifasihi kuonyesha uhusiano wenye utata kati ya msimulizi na baba yake.

Usomaji wa kwanza ni wa kuelewa kinachotokea: mtu anaondoka nyumbani, baba yake hamuagi. Usomaji wa pili ndio wa uchambuzi, na swali la kujiuliza katika kila sentensi ni hili: ni nini hapa ambacho kingeweza kuandikwa kwa njia ya kawaida zaidi, na kwa nini hakikuandikwa hivyo? Baba angeweza kusema mlango umeharibika. Amesema bawaba imechoka. Msumari mmoja ungetosha, amepiga minne. Msimulizi angeweza kutuambia alijisikiaje; hajatuambia hata mara moja. Kila mahali ambapo maandishi yanakiuka matarajio yako, weka alama na uandike pembeni neno moja au mawili. Tafuta pia marudio, mapengo, mabadiliko ya ghafla ya urefu wa sentensi, na tofauti kati ya mwanzo na mwisho.

Kuwa mwangalifu usione kisichokuwepo. Kifungu hiki hakisemi popote kama msimulizi ni mwanamume au mwanamke, na mtahiniwa anayeandika kuhusu baba na mwanawe wa kiume ameshaingiza jambo lake mwenyewe. Makosa madogo kama hayo humwonyesha msahihishaji kwamba umesoma haraka.

Hoja kuu

Hapa ndipo insha nyingi huamuliwa, na ndipo ninapowasihi wanafunzi wapunguze haraka. Hoja kuu ni kauli ya sentensi moja au mbili inayojibu swali na ambayo msomaji mwingine mwenye akili timamu angeweza kuipinga. Tazama kauli hii: "Mwandishi anatumia tashihisi, takriri na sentensi fupi kuonyesha uhusiano wa msimulizi na baba yake." (Tashihisi ni kukipa kitu kisicho na uhai sifa za binadamu, na takriri ni marudio.) Hakuna anayeweza kuipinga, kwa kuwa haisemi kitu, imerudia swali na kuongeza orodha ya mbinu. Kauli nyingine: "Baba hampendi mtoto wake." Hii inapingika, lakini kifungu chenyewe kinaipinga, kwa sababu mtu asiyejali asingepigilia misumari minne kwenye mlango uliokwisha kutengemaa.

Sasa tazama hii: "Mwandishi anampa baba mlango wa kusema naye badala ya mtoto, na kwa njia hiyo anaonyesha upendo unaojua kuzuia tu na usiojua kuaga, upendo ambao msimulizi anautambua lakini naye anashindwa kuujibu." Kauli hii inadai jambo. Inashika pande mbili zinazovutana, upendo na kushindwa, kama swali lilivyotaka, na inaahidi mpangilio: kwanza maneno ya baba, kisha matendo yake, kisha sehemu ya msimulizi mwenyewe. Mbinu hazikutajwa kwa majina, na hilo si upungufu, kwani zitajitokeza zenyewe kila zinapohitajika kuthibitisha dai.

Njia ya kufika kwenye kauli kama hiyo ni kuandika haraka jibu la kwanza linalokujia, hata kama ni la kawaida, kisha kulisukuma kwa maswali mawili. Kwanza: je, kuna kitu katika kifungu kisichokubaliana na jibu hili? Pili: kwa hiyo, kazi hii inatuambia nini zaidi ya tukio lenyewe? Jibu la swali la kwanza hukupa neno "lakini" la hoja yako, na la pili huipa hoja uzito.

Mpango wa dakika chache

Kwa insha ya dakika 40, tenga dakika nane hadi kumi za kusoma na kupanga, ishirini na tano hivi za kuandika, na zinazobaki za kupitia. Mpango wenyewe ni hoja kuu, madai mawili au matatu yanayoitegemeza, na nukuu za kila dai. Panga madai kwa namna kwamba kila moja linalihitaji lililotangulia. Kanuni ya kuitengea kila mbinu aya yake, yaani aya ya tashihisi, aya ya takriri, aya ya kinaya, huzalisha insha zinazofanana na orodha, na nisingemshauri mwanafunzi yeyote kuitumia. Aya ifuate wazo, na ndani ya wazo hilo mbinu mbili au tatu zinaweza kufanya kazi pamoja.

Aya zenyewe

Shule nyingi hufundisha mtindo wa dai, ushahidi, maelezo. Ni mwanzo mzuri, mradi ukumbuke kwamba sehemu hizo tatu hazilingani kwa urefu. Dai ni sentensi moja, ushahidi ni maneno machache, na maelezo ndiyo aya. Insha dhaifu hugeuza uwiano huo: nukuu ya mistari mitatu, kisha sentensi moja inayosema kwamba nukuu hiyo inaonyesha huzuni.

Tuchukue maneno "imechoka kufunguliwa". Mtahiniwa wa kawaida ataandika kwamba hii ni tashihisi, kwa sababu bawaba haichoki, na ataishia hapo. Jina la mbinu ni sahihi, lakini halijaeleza kitu. Maelezo yanaanza pale unapouliza uchovu huo ni wa nani na kitendo hicho ni cha nani. Aya kamili inaweza kwenda hivi:

"Baba anapozungumza, hazungumzi na mtoto wake bali kuhusu mlango. Anasema bawaba 'imechoka kufunguliwa', na kwa kuupa mlango uchovu ambao chuma hakiwezi kuuhisi, anauweka mahali salama uchovu wake mwenyewe, ambapo hakuna atakayemuuliza. Kitenzi chenyewe kiko katika kauli ya kutendwa, hivyo aliyeufungua mlango mara nyingi kiasi hicho hatajwi. Lawama ipo, ila haina anayelaumiwa, na msimulizi aliyesimama na sanduku mkononi anaachwa ajitambue mwenyewe ndani ya sentensi inayojifanya ni ya ufundi. Ukali na aibu vinakaa pamoja katika maneno mawili: baba anataka kusikika, na wakati huohuo anajihakikishia kwamba anaweza kukana kuwa alisema lolote."

Angalia kwamba nukuu ina maneno mawili tu, na kwamba aya imeyarudia kutoka pembe tatu: maana ya neno, umbo la kitenzi, na athari kwa anayesikiliza. Kuukaza uchambuzi kwenye neno moja, kisha kuupanua hadi kwenye wazo la insha nzima, ndiko kunakotofautisha insha za juu na za kati.

Aya ya misumari ingefuata njia hiyohiyo. Uzito wake haupo katika takriri ya hesabu peke yake, bali katika neno "ingawa". Neno hilo linaonyesha kwamba msimulizi anajua matengenezo yamekwisha na kwamba nyundo sasa inafanya kazi nyingine, lakini ujuzi huo anautoa kama maelezo ya kiufundi kuhusu mlango, kwa lugha ileile ya kukwepa aliyoitumia baba. Kutoka hapo aya ya tatu inajileta: "Hakugeuka" na "Nilingoja" ni sentensi mbili fupi zinazotazamana, moja ya baba na moja ya mtoto, na zote mbili zinaeleza mtu ambaye hakufanya kitu. Hoja sasa imepiga hatua kutoka lawama kwa baba hadi kufanana kwao, na mwisho wa kifungu unaipa nguvu, kwa kuwa mlango uliopigiliwa ni wa nyuma ilhali msimulizi ametokea wa mbele. Huo ndio utata ambao swali liliuomba, na alama za kina cha fikra mara nyingi hutoka hapa, katika kuacha hoja ibadilike kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Kuhusu mazingira ya kihistoria, yatumie pale tu yanapoeleza chaguo fulani katika maandishi, na yaunganishe katika sentensi ileile inayochambua chaguo hilo. Aya nzima ya wasifu wa mwandishi hata ikiwa sahihi haijibu swali.

Utangulizi na hitimisho

Utangulizi uwe mfupi: jina la mwandishi na la kazi, sentensi moja ya kumweka msomaji ndani ya hali inayojadiliwa, kisha hoja kuu. Kauli pana kuhusu fasihi tangu zamani au kuhusu maisha ya binadamu zinakula muda na hazina alama. Hitimisho linahitajika kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kama muda upo, tumia sentensi mbili au tatu kusema hoja imefika wapi baada ya uchambuzi, ukigusa ikiwezekana namna kazi inavyomalizika. Kama muda haupo, ni bora kuimalizia vizuri aya ya mwisho ya uchambuzi.

Lugha ya uhakiki

Katika Kiingereza, matukio ya ndani ya kazi ya fasihi huelezwa kwa wakati uliopo: mhusika anaondoka, msimulizi anakumbuka, shairi linamalizika. Wakati uliopita hubaki kwa mambo ya historia, kama vile mwaka ambao kitabu kilichapishwa. Kuchanganya nyakati ndani ya aya moja ni kosa linaloonekana haraka kuliko mengine yote, na linaepukika kwa kuamua kabla ya kuanza.

Tenganisha mwandishi na msimulizi, na katika shairi tenganisha mshairi na nafsi inayosema. Mwandishi hutajwa kwa jina la ukoo, kamwe si kwa jina la kwanza. Ukiandika kwa mkono, jina la riwaya au tamthilia hupigiwa mstari, na la shairi au hadithi fupi huwekwa ndani ya alama za nukuu.

Nukuu ziingie ndani ya sentensi zako na kusomeka kisarufi kama sehemu yake. Epuka kuanza sentensi kwa kutangaza kwamba nukuu ifuatayo inathibitisha hoja yako. Panua pia akiba yako ya vitenzi, kwa kuwa mwandishi anaweza kudokeza, kufichua, kusisitiza, kutilia shaka, kudhoofisha au kuahirisha, na kila kimoja kati ya hivyo kina maana yake. Anayetumia kitenzi cha kuonyesha katika kila sentensi anajinyima nafasi ya kuwa sahihi. Usiandike kwamba mwandishi anajaribu kusema jambo. Amelisema, na kazi yako ni kueleza alivyolisema. Vilevile, pale ambapo maandishi yanaruhusu tafsiri mbili, maneno ya tahadhari kama "huenda" au "yaweza kusomeka kama" ni alama ya usomaji makini, ili mradi baadaye useme ni tafsiri ipi unayoiona ina nguvu zaidi na kwa sababu gani.

Dakika za mwisho

Unapopitia, usianze na tahajia. Soma kwanza sentensi ya kwanza ya kila aya ukiulinganisha mfululizo wake na hoja kuu. Ikiwa hoja ilibadilika ulipokuwa ukiandika, na mara nyingi hubadilika kwa uzuri, rudi kwenye utangulizi ukairekebishe kauli iendane na insha uliyoiandika kweli. Kisha hakikisha kila nukuu ina maelezo baada yake, na palipo na nukuu tupu ongeza hata nusu sentensi pembeni kwa mshale. Ndipo uangalie nyakati za vitenzi, upatanisho wa nafsi na kitenzi, na majina ya wahusika. Saa ikikuwahi ukiwa katikati ya aya ya mwisho, andika dai lake, nukuu yake na sentensi moja ya maelezo kwa ukamilifu, kwa sababu msahihishaji anaweza kuipa alama fikra iliyofupishwa, lakini hawezi kuipa alama ile iliyobaki kichwani mwako.